Jina Lililokwenda Nikiwa Eda

Watu wa mjini kwetu wana huruma nyingi, na huruma yao ina mdomo. Mpaka leo nikipita Darajani na kapu langu nasikia nyuma yangu: huyo ndiye aliyekaa eda mpaka nyumba ikapotea jina. Wengine huongeza kwamba na nyumba yenyewe ilipotea, jambo ambalo si kweli, maana haya nayaandika nikiwa ndani yake, ghorofani, dirisha liko wazi na jirani anakaanga samaki. Kwa hiyo nimeona nisimulie mwenyewe. Nimechoka kusikitikiwa kwa jambo nisilolijutia.

Nyumba ilikuwa ya baba yangu, na kabla yake ilikuwa ya mama yake, ambaye jina lake ndilo tulilolipa nyumba ya wageni. Jina hilo sitaliandika hapa, wanaolijua wanalijua. Wazee wetu walikuwa na mashamba ya karafuu na maduka. Sisi tulibakiwa na kuta, na kuta za Mji Mkongwe zinakula kuliko watoto. Kila masika chokaa inabanduka, boriti inaoza kichwa, na maji yanateremka kwenye ngazi kama yamealikwa. Baba alipofariki tulirithi mimi na kaka yangu, aliyeondoka kwenda Maskati miaka ya themanini kutafuta maisha na akayapata huko huko. Tulikubaliana kwa mdomo, kama ndugu. Nyumba ikijilisha yenyewe, mimi nitakaa. Isipojilisha, tutaipangisha kwa mtu mwenye uwezo wa kuitengeneza, nami nitatafuta pa kwenda. Sharti lile halikunitisha, kwa sababu nilikuwa na mume.

Mume wangu alikuwa mtu wa Makunduchi, mwalimu aliyechoshwa na chaki. Mimi nikisema kumi, yeye alisema moja, na ile moja ndiyo iliyofanyika. Tulifungua vyumba kwa wageni katika miaka ya tisini, watalii walipoanza kuzagaa vichochoroni wakiwa na ramani zisizowasaidia. Mwanzo tulipata wachache, wale waliopotea njia. Kisha, miaka ya elfu mbili ilipoingia, bwana mmoja wa Ng'ambo, aliyefanya kazi ya simu za maandishi tangu ujana wake, alifungua duka la intaneti mahali palipokuwa mkahawa. Mume wangu akafanya urafiki naye. Kila siku baada ya alasiri alivuka barabara kwenda huko, na usiombe umkatize. Wakatengeneza tovuti ya nyumba wao wawili, kwa jina la bibi yangu. Waliweka picha ya mlango, ya vitanda vya besera vyenye nguzo nne, na ya mimi nikimimina kahawa, uso umegeuka kwa sababu sikutaka kupigwa picha.

Mimi niliwacheka. Sikuamini kwamba kuna mtu atalipia kulala katika nyumba aliyoiona ndani ya kioo. Wakaja. Wataliani, Waafrika Kusini, bibi mmoja wa Uholanzi aliyerudi mara kwa mara mpaka akajua kukuna nazi. Wengi walifika na karatasi mkononi yenye picha ya mlango wetu, wakiinyanyua na kuilinganisha na mlango wenyewe. Nyumba ikaanza kujilisha.

Jambo moja sikulijua, na nani kwetu angelijua? Lile jina kwenye mtandao lilikuwa halikununuliwa. Lilikodiwa. Kila mwaka lilitakiwa kulipiwa upya, na usipolipa linaachiwa, anayewahi ndiye mwenyewe. Sisi huku mtu akipewa jina amepewa. Anachinjiwa akika, nyama inaliwa, basi, hakuna anayekwenda kila mwaka kulipa ili aendelee kuitwa alivyoitwa. Malipo yenyewe yalifanywa kwa kadi ya benki ya kaka yangu, kwa sababu hapa kwetu kadi za namna hiyo hazikuwapo. Mwaka ukifika, barua ya kukumbusha ilikuja kwenye kompyuta, mume wangu akapiga simu Maskati, kaka akalipa, na mimi sikuwahi kuambiwa. Sikuuliza pia. Kila mtu katika nyumba ana kazi yake.

Mume wangu alifariki wakati wa masika, akitia udhu. Alikaa kitako taratibu, kama mtu anayepumzika, na hakuinuka.

Nikakaa eda. Nasema hivi waziwazi kwa sababu siku hizi wako wanaolisema neno hilo kwa kunong'ona, kana kwamba ni ugonjwa. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki, hajitii manukato, hajipaki wanja, havai dhahabu, hakai na wanaume wasio maharimu zake. Kizuka, ndivyo tunavyomwita. Ningetaka kutoka kwa haja ya lazima, sheikh angeniruhusu, dini haikumfunga mtu kamba. Lakini sikuwa na haja niliyoijua, wala hamu. Nililala upande wangu wa kitanda na kuuacha wake. Wageni waliokuwamo walimaliza siku zao, kisha tukafunga vyumba. Nyumba ya matanga haiuzi chumba.

Mlangoni alikaa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyekuja na mkeka wake kutoka Malindi siku ya maziko na hakurudi tena kwake. Hakuna aliyempita. Nilisikia sauti za watu chini, wakija na kuondoka, na nilishukuru kwamba siitwi.

Aliyoyafanya pale mlangoni aliniambia baadaye, tena kwa majivuno. Ijumaa moja baada ya sala alikuja yule bwana wa kompyuta. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mistari ilisimama, amejitia marashi, na mkononi ana kikapu cha halua. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akatoa pole. Halua ikapokelewa. Lakini hakuondoka. Alisimama akizungusha kofia mkononi, kisha akasema, "Bi, nna neno na mwenyewe. Si neno la kupitishwa mlangoni."

Sasa jiwekeni mahali pa shangazi. Yule bwana alikuwa mjane mwenzangu, mkewe alitangulia miaka kadhaa, na mji mzima ulijua kwamba anatafutiwa. Kanzu, marashi, halua, na neno lisilopitishwa mlangoni. Kumposa mwanamke aliye edani ni haramu, hakuna mjadala. Shangazi akamwambia kwa adabu kali kwamba eda haijaisha na kwamba yeye ni mtu wa msikitini, hahitaji kufundishwa. Bwana yule akababaika, akasema jambo lenyewe halingoji. Hapo shangazi akamfungia mlango.

Masikini, kwa nini hakusema? Kwa sababu na yeye alilelewa. Mama yake alimfundisha kwamba mtu hafiki kwenye matanga akazungumza habari za biashara. Angeweza kuniambia mimi mwenyewe, kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia, lakini si kupiga kelele barazani, majirani wakisikia kwamba marehemu ameacha deni la jina. Basi akaona atumie njia ya heshima zaidi. Akamtuma dada yake.

Kwetu kutuma dada ndiyo posa yenyewe. Yule dada hakuambiwa jambo, aliambiwa tu aombe kaka yake apewe nafasi ya kusema. Shangazi alimpa kahawa, akamsifia kanga yake, akamwambia amfikishie kaka yake kwamba nyumba hii ina watu wenye kuogopa Mungu. Mimi sikuambiwa kitu, kwa kuwa kizuka hapelekewi habari za wachumba.

Eda ikaisha. Wanawake wakanikosha, wakanifukiza udi, wakanivisha. Kesho yake nikajitanda buibui na kwenda Ng'ambo, dukani kwa yule bwana, kutazama kama kuna wageni walioandika, kwani msimu ulikuwa umeshaanza na vyumba vilikuwa vitupu. Aliponiona aliinuka, akakaa, akainuka tena. Akanivutia kiti. Kisha akaniambia yote: barua za kukumbusha, moja baada ya nyingine, alivyoziona kwa kuwa mume wangu alimwachia ufunguo wa sanduku lake la barua la kwenye kompyuta, asivyokuwa na kadi ya kulipia wala namba ya simu ya Maskati, na alivyofukuzwa mara mbili. Halafu akafungua ile tovuti.

Jina la bibi yangu lilikuwa juu, herufi kubwa. Mlango wetu haukuwapo, wala vitanda. Chini yake paliandikwa kwa Kiingereza kwamba nyumba hii imefungwa, na kwamba mgeni anaweza kuchagua miongoni mwa hoteli zifuatazo. Zikafuatana hoteli, na kila moja ina bwawa la kuogelea.

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Kifo cha mume wangu kilinihuzunisha, hakikunikasirisha, ni amri ya Mungu. Hili lilikuwa la binadamu. Yule bwana alinieleza kwamba duniani kuna watu ambao kazi yao ni kukaa wakitazama majina ya wenzao, kama kunguru wanavyotazama vifaranga, jina likiachwa kidogo tu wanalinyakua. Hujui wako nchi gani. Alikuwa ameshawaandikia kuwasihi, nao wakamjibu kwamba wako tayari kutuuzia. Bei yao ingetengeneza dari nzima.

"Waambie hilo ni jina la bibi yangu," nikamwambia, "si samaki wa mnada."

Akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno yangu. Mpaka leo hajaniambia aliandika nini.

Shangazi nilimweleza jioni ile, na yule bwana alikuja mwenyewe barazani kuthibitisha. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kwa nini hakusema tangu siku ile ya kwanza. Akajibu kwamba aliona haya. Shangazi akaangalia chini, kisha akauliza, "Na ile halua?"

"Ya tanzia, Bi."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu msiba, nilicheka mpaka nikashika mlango, na shangazi akanitazama kwa hasira, kisha na yeye akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

Lakini kaka yangu hakucheka. Nilimpigia simu na kumweleza. Akaniambia, "Eda yako imetugharimu nyumba."

Maneno yale yaliniuma, na sikuyameza. Nilimwambia eda ni ya mume wangu, si yangu, na kwamba ningerudishwa nyuma ningeikaa tena, siku zote, bila kupunguza hata moja. Nilimwambia kama jina la mtu linaweza kuibwa kwa sababu mjane amekaa kumlilia mumewe, basi mwenye kosa ni aliyeiba, si aliyelia. Akasema mimi nazungumza kwa uchungu na yeye anazungumza kwa akili. Mwenye hoteli mmoja wa Uroa alikuwa akimpigia simu tangu msiba, anataka nyumba ya mjini kwa ajili ya wageni wake wa pwani, aikodi miaka mingi, aitengeneze mwenyewe. Akasema masharti yetu nayajua. Nyumba haina wageni, nyumba haijilishi. Atakuja msimu ukimalizika kumkabidhi. Nikakata simu bila kumuaga, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mkubwa wangu.

Usiku ule shangazi alinikumbusha kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nikamwambia moyo uko, ninachokosa ni wageni.

Wageni wanashuka wapi? Bandarini. Hakuna asiyelijua hilo. Wanaowapokea pale ni vijana tunaowaita papasi, wanaomganda mgeni tangu anaposhusha mguu, huyu anavuta begi, huyu anataja hoteli, huyu anauza safari ya viungo Kidichi. Mwanamke wa ukoo kama wetu haendi pale ila anaposafiri, tena akisindikizwa. Asubuhi nilipanda kiti, nikaking'oa kibao cha jina la nyumba kilichokuwa juu ya mlango, nikakifuta vumbi, nikajitanda buibui na kuteremka nacho. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Papasi walinipisha kwanza, wakidhani nampokea mtu. Mmoja akaniuliza kwa heshima, "Bi mkubwa, unamngoja nani?"

Nikamwambia mgeni. Akauliza anaitwaje. Nikamjibu simjui bado.

Walivyoelewa, wakacheka, kisha wakanuna. Walisema nitawaharibia kazi, walisema sijui bei, walisema mama mtu mzima apumzike nyumbani. Nikawaambia bandari haina hati ya mtu. Boti ya kwanza ikaja, watu wakamwagika, nikanyanyua kibao changu kwa mikono miwili. Hakuna aliyekitazama. Boti ya mchana vilevile. Nikarudi nyumbani mikono ikiniuma, na njiani nikasalimiwa na watu ambao kwa kawaida hawanisalimu.

Nilirudi kesho, na kesho kutwa. Habari ilikuwa imeshazunguka mji, na jamaa zetu wakaja mmoja mmoja kumwomba shangazi anizuie, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na sifa ya kuzuia watu. Aliwapa kahawa wote. Siku iliyofuata aliondoka pamoja nami, amebeba kigoda chake, akakaa pale kwenye njia ya kutokea abiria, kibao amekiegemeza magotini. Papasi mmoja alipomwambia asogee, alimuuliza yeye ni mtoto wa nani. Yule kijana akataja, shangazi akamwambia alimkanda tumbo mama yake siku anazaliwa yeye. Hatukusumbuliwa tena. Baadaye wakawa wanatuletea hata chai.

Ndipo akaja mgeni mmoja, mwanamume mrefu mwenye mkoba mgongoni. Alisimama mbele ya kigoda, akakisoma kibao, akatoa karatasi mfukoni na kukisoma tena. Akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba rafiki yake alimwelekeza kwetu, akatutafuta kwenye kompyuta, na pameandikwa kwamba tumefunga. Akaniuliza kama ni kweli.

Nilimtazama, na hasira yote iliyokuwa kifuani ikapata pa kutokea. Nilimwambia nyumba haijafungwa, haijawahi, na haitafungwa nikiwa hai, na aliyeandika vile ni mwizi. Pengine nilisema kwa nguvu, kwa sababu wageni wengine wawili waliokuwa nyuma yake walisimama kusikiliza. Wote watatu walilala kwangu usiku ule. Nikamwomba yule mrefu amwandikie rafiki yake kwamba tuko, na kila mgeni aliyefuata nilimwomba hivyo hivyo asubuhi akinywa chai: kama umelala vizuri, mwambie mtu kwa mdomo wako. Yule bibi wa Uholanzi, aliposikia, alituandikia kwamba ameshawaambia mtaa mzima wa kwao. Jina jingine la mtandao tulilipata baadaye, refu zaidi. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kila mwaka kuuliza kama limelipiwa. Lakini msimu ule hatukuwa na tovuti. Tulikuwa na kibao na kigoda.

Kaka yangu alikuja kabla ya siku aliyoahidi, bila kusema. Alishuka kwenye boti ya Dar es Salaam, kanzu yake ya Kiomani na kilemba, akatokea kwenye ule mlango wa abiria, na mtu wa kwanza aliyemwona nchini kwao ni dada yake amenyanyua ubao katikati ya papasi.

"Teremsha hicho," akaniambia kabla ya salamu. "Watu wanatazama."

"Nimekinyanyua watazame."

Shangazi akamnyooshea mkono pale alipokaa, naye ikabidi ainame aubusu. Akasema twende nyumbani, tutazungumza huko. Nikamwambia twende, ila vyumba vyote vina watu. Alidhani namtania. Tulipofika alipanda ngazi mwenyewe, akagonga mlango mmoja, wa pili, na kila mlango ulifunguliwa na mtu aliyemtakia jioni njema. Katika chumba alichozaliwa alikuta mke na mume wanamkogesha mtoto wao ndani ya karai letu. Akarudi chini akiwa na begi lake vilevile. Shangazi akamtandikia mkeka sebuleni.

Jioni tulipokula aliniambia polepole kwamba anaweza kulinunua lile jina kwa kadi yake, akawamaliza. Nilikataa. Nilimwambia kumlipa mwizi ni kumfundisha njia. Alikula samaki wake mpaka mifupa, na hatukuitaja nyumba tena.

Asubuhi akaja yule bwana wa Uroa, na fundi aliyekuja na futi ya kupimia. Kaka alimpokea barazani. Mimi nilikuwa nikitoka na kibao changu chini ya kwapa, shangazi ameshatangulia. Yule bwana akauliza vyumba vitakuwa wazi lini ili kazi ianze. Kaka yangu alikuwa hajalala vizuri, shavu lake moja lilikuwa na alama za mkeka. Alinitazama, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Muulize mwenye nyumba," akasema.

Nikamwambia akitaka chumba, aje bandarini kama wenzake.